Moyo wa Baba Kwenye Kompyuta

Hussen ndugu yangu, tumetoka kwa daktari sasa hivi.

Mshipa wa moyo wa baba umeziba pale unapogawanyika. Daktari akajaribu kwanza kwenye kompyuta, kwa mfano wa moyo wake, kuweka kile kijibomba cha waya cha kuupanua. Tawi kubwa likafunguka, dogo likabanwa. Kajaribu mara nne. Mara nne, Hussen!

Baba akacheka: "Daktari, hilo dogo si ulikate tu? Mikorosho yangu kule Rondo naipogoa hivyo hivyo."

"Mzee, hilo nalo linalisha moyo."

Baba akanigeukia: "Mwanangu ndiye mwenye maneno. Atakujibu yeye, tufanye au tuache."

Mimi, ninayewatungia mashairi ya harusi Rasbura nzima! Nikamwomba daktari muda.

Jibu linatakiwa saa nane. Baba yuko hapa kwenye benchi, anamenya chungwa, kanimegea nusu.