Sweta la Kijivu Kwenye Picha

Mwanangu kitindamimba,

Picha yako imefika, na sisi huku hatujambo. Dada yako amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti kama king'ora. Majirani siku hizi hawategi saa.

Unaniandikia kwamba wewe ni karani, unashinda mezani. Haya. Lakini umepigwa picha na lile sweta zito la kijivu lenye kofia, nililokushonea mwenyewe, na mimi nimeshona mikono ya masweta kiwandani miaka kumi na tisa. Yale madoa meupe hadi kiwikoni si ya wino. Ni dawa ya kusafishia sakafu, baba, ndiyo inayokula rangi hivyo. Na umekunja mikono kifuani kama mtu anayeficha kitu.

Unamficha nani? Mimi?

Msimamizi wetu aliiona picha juu ya cherehani yangu akauliza, "Huyu kijana wako anafanya kazi gani?" Wenzangu wote wakatega masikio. Nikasimamisha mashine, nikamjibu kwa sauti, "Anasafisha sakafu. Na akishapita yeye, unaweza kujitazama uso humo."

Akaenda zake.

Ndani ya bahasha nimekuwekea vipande viwili vya kitambaa, ubadilishe ncha za mikono zilizochakaa. Kushona nilikufundisha, usinitie aibu kwa hilo tu. Madoa yaache.

Halafu nitumie picha nyingine. Safari hii shika ndoo.

Mama yako,
fundi wa mikono