Vijino vya Kanda ya Wandera

“Mama Wandera, kuvunja vijino vya kanda kunazuia kufuta, hakuzuii kunakili.”

Dada yangu Triza, jirani Phelister ameniambia hivyo kibandani kwake, watu wakicheka. Nilimwazima kanda ya nyimbo za mwanangu asikilize tu.

Ameinakilia mtaa mzima. Eti, “Si tunamtangazia mtoto?”

Hakuzuii kunakili. Na mimi na diploma yangu nilivunja vile viplastiki vya ukingoni nikidhani nimeifunga.

Wandera ameuza gitaa kwa kukosa wanunuzi wa kanda zake, amehamia Industrial Area kubeba magunia. Sauti yake iko kila dirisha isipokuwa langu.

Nimezima redio ya Phelister katikati ya ubeti, nikachomoa kanda.

“Ai, mama, tulikuwa tunasikiliza.”

“Nunueni.”

Sasa inacheza hapa nyumbani, mimi na kiti cha Wandera.