Sungura wa Katibu

Izigo, Jumanne jioni

Andika hivyohivyo ninavyosema, mkwe wangu, usinitengenezee maneno.

Wazo la kipindi lilikuwa langu. Kila wiki bibi mmoja wa huku kwetu asimulie hadithi redioni. Binti yangu kahamia kijiji cha ujamaa kule Biharamulo na watoto wote, na kijiji kina redio. Nilitaka wajukuu wasikie sauti yangu, maana kufika huko mimi na magoti haya...

Leo saa sita mabwana wa redio wakafika ofisini kwa katibu wa kijiji. Nikawaeleza. Mkubwa wao akafurahi. "Bibi, tusimulie moja tuipime."

"Jua likiwa juu hivi? Hadithi haisimuliwi mchana, baba. Ngojeni lizame, ndizi ziko jikoni."

"Gari letu linarudi Bukoba saa nane, bibi."

"Liende, nyie mlale."

Wakacheka. Katibu, Mhaya kama mimi, mtoto niliyempokea mwenyewe mamake alipojifungua, akakohoa. "Ndugu, mimi naijua ya sungura na chui." Akasimulia mchana kweupe, bila aibu! Tena kakosea. Hiyo niliwasimulia wajukuu wakiwa mapajani, sungura hafi. Wake kafa katikati. Wakainasa sauti ya katibu kwenye mashine, wakampa kipindi.

Nilikikataa kwa mdomo wangu. Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa watoto watamsikia katibu, watasema bibi ndiye aliyetuongopea.