Mkono wa Kulia wa Meurig

Nyumba ya Mwisho,
Mtaa wa Tabor,
Cwm-hesg,
Wales Kusini.

15 Novemba 1944

Mpendwa Shangazi Ceinwen,

Pokea salamu zetu sote huko kwenu Patagonia. U hali gani? Goti limepunguza kuuma? Na kondoo, mmeshawakata manyoya?

Sisi wazima wa mwili. Baba bado anashuka mgodini na kikohozi chake. Mama amekonda, na ukimwambia anakasirika. Mimi nafanya kazi kiwanda cha baruti, na ile baruti imenigeuza nywele zikawa za manjano, basi Meurig ananiita kifaranga.

Ndiyo, Meurig yuko nyumbani. Najua Baba alikuandikia kwamba mdogo wangu ameungulia vitani Ufaransa, akaishia hapo, maana Baba akiandika utadhani kalamu inamchoma. Mengine nakuandikia mimi. Nisipomwambia mtu nitapasuka.

Keshokutwa Ijumaa madaktari wa jeshi watamwita wamtazame. Mkono wa kushoto umepona. Wa kulia ndio bado, vidole havikunjiki vizuri. Vikikunjika, anarudi vitani kwenye kifaru. Visipokunjika, jeshi litamwacha, lakini mgodini nako hawatamchukua, na wewe unajua mwanamume wa bonde hili asiyeweza kushika sururu anavyozeeka kabla ya wakati. Mimi ndiye ninayemfunga bandeji kila jioni, na kila jioni naogopa kuufungua ule mkono.

Yeye mwenyewe hakutuambia kitu. Tuliyasikia kwa Ned Larkham, dereva wa kifaru chao, aliyekuja kututembelea mwezi uliopita. Ni Mwingereza mkubwa kama kabati, akala jamu yetu yote ya mgao wa mwezi, na Mama akawa anamwongezea tu.

Ned alisema kifaru chao kilipigwa kwenye shamba la ngano, kikaanza kuwaka. Wenzake wakaruka nje. Yeye akabaki, kwa sababu mzinga ulikuwa umesimama juu kabisa ya mlango wake, na mzinga ukikaa pale dereva hawezi kuufungua. Akapigapiga chuma kwa spana, akapigapiga, mpaka moshi ukamlegeza akaacha.

"Halafu nikasikia mtu ananijibu," akasema. "Ngo, ngo, ngo, kwa nje. Nikajiambia, Ned, sasa umeshachizika. Kifaru kinaungua, nani anabisha hodi?"

Baba akaweka kikombe chini. Wewe ni binti wa mchimbaji, Shangazi, huhitaji kuelezwa. Mtu akifukiwa akagonga, kwanza unamjibu, ajue watu wanakuja, ndipo unaanza kuchimba. Meurig ameshuka mgodini tangu ana miaka kumi na minne. Alimjibu Ned kwanza, kisha akaingia ndani ya ule moto, akakishika kile chuma cha kuzungushia mzinga, akauzungusha kwa mikono mpaka mlango ukawa wazi. Chuma chenyewe kilikuwa kimeshika moto. Ngozi ya viganja vyake ilibaki pale.

Ned alipokuwa akisimulia, Meurig aliinuka akatoka uani. Nikamfuata.

"Mbona hukutuambia?" nikamuuliza.

"Ningewaambia nini? Nilikuwa nimeshakimbia, Nesta. Nilikuwa mtaroni, nimeficha uso kwenye matope. Angeacha kugonga mapema kidogo tu, nisingerudi."

"Lakini ulirudi."

"Nilirudi, eh. Na siku nyingine je?"

Nimelishika lile swali lake, nalala nalo.

Wazee wa kanisa wanataka Jumapili akae nao mbele, aimbiwe. Watasubiri sana. Siku hizi anakaa mwishoni kabisa, na mlango lazima uwe wazi. Bi Hefina, anayekaa karibu naye, analalamika kwamba baridi itamuua, lakini hajathubutu kuufunga.

Nesi alimwagiza afinye kitu laini kila siku, basi Mama akawa anamkatia donge la unga wa mkate uliokandwa. Wiki iliyopita akamwambia unga umekwisha. Umekwisha vipi, na mkate upo tanurini? Meurig alimtazama, akachukua kitambaa cha vyombo akakilowesha, akaanza kukifinya hicho. Baba kazi yake ni kusema mkono ni wa Meurig, si wetu, kisha anakwenda kukohoa nje.

Asubuhi hii nimeshuka jikoni nikamkuta ameshavaa shati. Vifungo vyote vimefungwa, hata vile vidogo vya mikononi, na hakuna aliyemsaidia. Akanikunjia ngumi ya mkono wa kulia mbele ya pua. "Tazama, kifaranga," akasema, akacheka, na macho yake hayakucheka. Mama akamwambia, "Vizuri sana, mwanangu," akabeba ndoo akaenda kuchota makaa. Ndoo ilikuwa imejaa.

Baba na Mama wanakusalimu. Meurig naye anasema iko siku atakuja kuwapanda farasi wenu. Nisalimie binamu Iorwerth, mkewe Luned na watoto wote. Mungu aifunike nyumba yenu kwa amani ambayo sisi huku hatuna.

Shangazi, naogopa mpaka nimeshindwa kuomba. Nikiomba mkono upone, ninamrudisha kwenye moto. Nikiomba usipone, ninamlaani mdogo wangu. Najua barua hii ikifika Ijumaa itakuwa imepita zamani, lakini niombee hivyo hivyo. Chagua mwenyewe la kuomba, na tafadhali usiniandikie ni lipi.

Ni mimi, binti wa kaka yako, ninayekupenda ingawa hatujaonana,

Nesta