Harlan Ananijua

Sorrel Bluff, Alabama
9 Februari 1964

Mwanangu Ozella,

Nakusalimu wewe na mumeo na hiyo baridi yenu ya Chicago. Mimi mzima, ila goti. Nina miaka sabini na sita. Nimeishi kuliko nyumbu wa kulimia kumi na mmoja, madaktari watatu walioniambia nitakufa, na mdudu aliyekula pamba ya Alabama nzima. Nimeishi kuliko mama yako pia, na hilo sijivunii.

Kabla hajafa aliniambia, "Cephus, mdomo unao, lakini jina lako haliko popote ila kwenye Biblia yetu." Basi nimeamua. Nakwenda mjini kujiandikisha kupiga kura. Karani huwauliza weusi historia na katiba mpaka washindwe. Wewe ni mwalimu, nitumie masomo. Andika herufi kubwa. Mama yako alinifundishia kusoma kwenye magunia ya unga, niandikie kama gunia.

Vitani kule Ufaransa hakuna aliyepakua meli haraka kama mimi. Huyo karani hataniweza.

Babako

Chicago
1 Machi 1964

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hilo goti lisugue kwa tapentaini kama Mama alivyokuwa akifanya. Sisi hatujambo. Wanafunzi wangu wamecheka kusikia nina mwanafunzi mpya mwenye meno manne.

Soma haya. 1776, makoloni yalijitangazia uhuru, yakaandika kwamba watu wote wameumbwa sawa. 1865, vita vya Kaskazini na Kusini viliisha, utumwa ukafutwa. 1870, katiba ya nchi ikasema rangi isimnyime mtu kura. 1901, Alabama ikaandika katiba yake ili kutunyima hiyo kura. Hili la mwisho lijue tu, usimwambie karani. Jibu kwa kifupi, Baba. Nakuomba sana, usimfundishe kazi.

Ila kuna kitu kinanitisha kuliko maswali. Kwenu huko lazima mtu aliyekwisha kuandikishwa asimame aseme anakujua. Mweusi aliyeandikishwa hakuna hata mmoja. Nani atakudhamini?

Binti yako

Sorrel Bluff
12 Aprili 1964

Mwanangu,

Salamu. Goti linanuka tapentaini lakini linatembea. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Unasema utumwa uliisha 1865. Bibi yako alikuwa na miaka minane. Bwana wao hakuwaambia kitu mpaka pamba yote ilipoingia ghalani. Weka hilo kwenye somo. Na hao wa 1776, walipokuwa wanaandika kwamba watu wote ni sawa, nani alikuwa jikoni anawapikia? Mbele ya karani nitanyamaza. Nikiweza.

Mdhamini? Unauliza kama mgeni! Harlan Creel. Yeye mzungu, mimi mweusi, tumeiba matikiti ya shamba moja. Tulipofika miaka kumi na miwili nikaambiwa nianze kumwita Bwana, nikamwita. Lakini mtoni, tukivua kambare, ni Harlan na Cephus mpaka leo. Na mafuriko ya 1929 nani alimtoa juu ya paa? Mimi, kwa mtumbwi wenye tundu, mkono mmoja kasia, mkono mmoja nachota maji kwa kofia.

Nilimwendea Jumamosi pale uzioni kati ya shamba lake na langu.

"Harlan, nataka ukanisemee mjini."

"Zee jinga wewe, utanifia njiani."

"Nikifa utanizika. Unakuja, huji?"

Akatema tumbaku. "Nakuja. Ila uoge."

Umeona?

Babako

Chicago
20 Juni 1964

Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Wiki kumi sasa sijapata neno. Shule zilifungwa wanafunzi wakiniuliza kila Jumatatu kama mzee amefaulu. Hata kama hawakukuandika, niandikie. Chumba chako huku kiko tayari, kina dirisha.

Binti yako

Sorrel Bluff
3 Agosti 1964

Mwanangu Ozella,

Salamu. Mimi mzima. Huko siji.

Nilikwenda Jumatatu ya kwanza ya Mei. Maswali niliyajibu yote, tena kwa kifupi. Karani aligeuza karatasi mbele nyuma akitafuta kosa, hakuliona. Akasema, "Mdhamini?" Harlan akasogea, kavaa koti lake la kanisani. Mlangoni walisimama wanaume wawili. Mmoja ndiye mwenye kinu cha kuchambulia pamba, anayenunua mavuno ya Harlan.

"Bwana Creel, unamjua mzee huyu?"

Harlan akaitazama kofia yake. Akaizungusha mara mbili.

"Nimemwona-mwona tu," akasema. "Siwezi kusema namjua."

Unajua nilivyo na mdomo. Siku hiyo sikuwa nao.

Nilirudi kwa miguu, maili tisa. Lori lake lilinifikia, likapunguza mwendo, halafu likaendelea. Kesho yake alimtuma mkewe na keki ya viazi vitamu. Niliiweka juu ya nguzo ya uzio, ndege wakaila siku tatu. Mtoni siendi tena. Yeye huenda. Namsikia akikohoa.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kuisimulia nikiwa mshindi. Sijaipata.

Shule zikifunguliwa wasomee wanafunzi wako. Wakisema mzee anatia chumvi kama kawaida yake, safari hii mashahidi wapo. Dada Arzula Fitts wa kanisani kwetu alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, alisikia kila neno. Karani alisikia. Mama yako angenisemea, ila yuko chini ya mwerezi. Na yupo Harlan Creel. Muulizeni yeye. Ananijua miaka sabini.

Babako,
Cephus Dunnaway