Kigoda cha Zuhura

Jumatano, Julai 1996. Manyunyu tangu alfajiri, na nguo za jana bado mbichi kambani. Moyo nao mzito, hata chai imenishinda.

Jana tulimpeleka Zuhura kwa daktari wa macho, mimi, baba yake na Bibi. Mwanangu ana miaka mitano na hajapata kufungua macho sawasawa. Kope zimemwangukia, mboni haziendi kulia wala kushoto, na akitaka kukuona hurudisha kichwa nyuma na kuinua kidevu. Wasiomjua husema ana kiburi. Kiburi gani, masikini ya Mungu, mtoto ambaye hata viatu vyake huvitafuta kwa kupapasa!

Daktari alitueleza taratibu. Mishipa ya fahamu, ile itokayo ubongoni kuinua kope na kuzungusha jicho, haikuota ilivyopasa tangu tumboni. Si jicho la hasidi, wala si kwamba nilimcheka kipofu nikiwa na mimba, kama mavyaa wangu apendavyo kusema. Ni urithi. Mume wangu Twalib ni mtoto wa ami yangu. Kila mmoja wetu amebeba kasoro ile ile, imelala, haimdhuru. Zuhura amepokea yangu na ya babake. Kila mimba, akasema, hatari yake ni moja kwa nne.

Kisha akauliza kama kuna mwingine katika ukoo aliyezaliwa hivi.

"Hakuna," Bibi akajibu, hata sijafungua mdomo. Bibi ndiye aliyemzaa baba yangu, na ndiye aliyemzaa ami.

Leo asubuhi nilikuwa nikimlisha Zuhura, yeye juu ya kigoda chake, sahani chini mkekani. Kigoda hicho alikileta Bibi, mtoto hata hajaanza kutembea. Alisema mkalishe juu, vitu viwe chini, shingo isimuume. Miaka yote nilidhani ni akili za uzee. Leo nikaitazama miguu ya kigoda ilivyolika, nikamuuliza Bibi kilikuwa cha nani.

Alilia kwanza. Kilikuwa cha Mwanaisha, kifungua mimba wake. Alizaliwa na kope zizo hizo, akafungiwa orofani wageni wasimwone, akafa na miaka tisa. Baba yangu hajapata kumtaja dadake hata siku moja.

"Daktari kauliza kama kuna," Bibi akasema. "Kwani yuko? Nyamaza, mjukuu wangu. Usinivue nguo uzeeni, na Ijumaa tuna posa hapa nyumbani."

Posa yenyewe ni ya Saumu, mdogo wangu, anaposwa na Hamidi, mdogo wake Twalib. Damu ile ile tena. Saumu hajui lolote, yuko mbioni kutafuta kitambaa cha nguo.

Nikisema, posa huenda ikavunjika na Bibi atanilaani. Nikinyamaza, iko siku Saumu atakaa mbele ya daktari kama nilivyokaa mimi, na nitakuwa nilijua.

Na hili niliandike pia, maana hapa hakuna wa kunicheka. Nilimkasirikia Bibi mno, kisha nikakumbuka mipango yangu mwenyewe. Nilishapatana na rafiki yangu wa Tudor kwamba Ijumaa Zuhura akashinde kwake. Nilijiambia mtoto atachoshwa na wageni.

Uongo mtupu. Sikutaka aonekane.

Kesho kabla ya adhuhuri nitamwambia Saumu yote, aamue yeye na Hamidi wake. Najua ataniuliza: dada, ungalijua mapema, Zuhura ungalimzaa? Wallahi swali hilo lanitisha kuliko laana ya Bibi.

Lakini Tudor Zuhura haendi. Gauni lake nimeshalipiga pasi. Kigoda nimekipangusa, nikakiweka katikati ya ukumbi, na hapo ndipo atakapokaa Ijumaa, kila anayeingia amwone.