Hotpoti Iliyorudi na Mende

Jumamosi, 8 Machi 2025

Leo nimeaibika. Au nimeaibisha, sijui. Tumekaa mkekani ukumbini, wapangaji wote, tunafuturu, hotpoti yangu ikarudi kutoka kwa Zamda wa chumba cha pili. Juzi niliipeleka na pilau. Kama ada, haikurudi tupu: vitumbua mpaka juu. Nafungua — mende huyo! Mdogo, wa kahawia, mbio mpaka kwenye mkono wa wifi yangu Nawal. Nikasema pale pale, nyumba nzima ikisikia, kwamba hotpoti ilitoka kwangu safi. Zamda yupo, tende iko mdomoni. Vitumbua havikuguswa.

Jumanne, 11 Machi

Nawal ana mdomo. Habari imeshafika Mtaa wa Kongo. Wenye maduka waliokuwa wakiagiza vitumbua kwa Zamda wamehamia kwa mwingine. Na Ramadhani ndiyo msimu wake! Ndoo nzima ya unga ulioumuka kamwaga. Nimemkuta bombani anasugua kikaango. Nikamuuliza habari za swaumu. Akajibu bila kunitazama.

"Da Badria, ungeniita pembeni."

Hayo tu. Na kweli, ningemwita. Ingenigharimu nini?

Jumapili, 16 Machi

Mende kabatini kwangu! Nimemwita Mudi, fundi wa dawa za wadudu. Nikamwonyesha mlango wa Zamda: wanatoka kule. Hakusogea. Kaomba vyombo vyangu. Kaigonga hotpoti, katoa bisibisi, kafungua kitako.

Mungu wangu. Kati ya plastiki ya nje na bati la ndani kuna uwazi, na humo ndimo wanamoishi. Magamba waliyojivua. Wengine weupe kama wali, ndio kwanza wametoka kujivua. Kinyesi kama pilipili manga. Jike mmoja na kifuko cha mayai kimening'inia nyuma. Mudi anasema wale wakubwa wa chooni ni ukoo mwingine. Hawa wadogo hawapandi kutoka mitaroni, wanabebwa na makatoni na vyombo. Wanapenda ufa uwabane mgongo na tumbo. Jike hatupi kifuko ovyo, anakibeba wiki tatu na zaidi, mpaka watoto thelathini na kitu wakaribie kutoka. Nikauliza wamekaa humo muda gani.

"Miezi, dada. Hawa wenyeji."

Kwa hiyo mimi ndiye niliyempelekea Zamda mende. Na pilau juu yake.

Jumatano, 19 Machi

Siku tatu nimenyamaza. Woga mtupu. Leo nimejaza bakuli langu kalmati, nikamwita Zamda nyuma ya jiko, nikamweleza yote, hadi kitako cha hotpoti. Nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulinisema mbele za watu, Da Badria. Radhi unaniomba uchochoroni?"

Kalmati akapokea.

Alhamisi, 20 Machi

Bakuli limerudi. Tupu. Limeoshwa mpaka linang'aa. Miaka minne tunaishi ukumbi mmoja, hakijawahi kurudi chombo kitupu. Nimelia.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika mkekani, daftari gotini, bado kidogo adhana. Wamekaa wote ila Zamda. Mlango wake uko wazi, namsikia anakoroga uji wake peke yake. Nawal kaleta vitumbua vya kununua. Anasema hivi angalau havina nyama. Watu wanacheka. Wiki mbili zilizopita hata mimi ningecheka.

Hotpoti iko ubavuni kwangu, kitako kimefunguliwa. Nimeimwagia maji ya moto mara tatu, magamba mengine bado yameganda. Nikisema, kila mmoja hapa atakumbuka pilau niliyowahi kumpelekea. Na nimewapelekea wote, kwa hotpoti hii hii. Majuma mangapi watakataa chakula changu? Zamda kashakataliwa mawili.

Nawal anauliza naandika nini, niweke daftari nishike tende. Nimemwambia asubiri.

Nimeweka hotpoti katikati ya mkeka, kitako juu, nikasema kwa sauti: mende walitoka humu, kwangu, si kwa Zamda. Wanaitazama. Hakuna anayecheka sasa. Kule chumbani mwiko umeacha kukoroga.